Siku tisa baada ya kujifungua, natumia insulini, sukari inanishuka usiku nikinyonyesha

NyarAhero · Jumatatu, saa 9:20 usiku

Habari za usiku, kama kuna aliye macho.

Nina sukari aina ya kwanza tangu nikiwa darasa la saba, sasa nina miaka 27. Huyu ni mtoto wangu wa kwanza, mvulana, kilo 4.2, nilijifungua kwa upasuaji Kisumu siku tisa zilizopita. Kabla ya mimba nilikuwa nachoma uniti 34 kwa siku za Mixtard, ile insulini ya mchanganyiko, 22 asubuhi na 12 jioni. Mimba ikapandisha, ikapandisha, hadi mwezi wa nane nikawa niko 72. Wodini baada ya kujifungua manesi walikuwa wanapima na kunichoma wenyewe, sikuuliza ni ngapi, nilikuwa na kidonda na mtoto hayuko karibu nami. Siku ya kuruhusiwa nikaandikiwa kitabuni "aendelee na dawa". Basi. Dawa gani, kiasi gani, hakuna.

Nikarudi nyumbani nikachoma kama nilivyozoea. Jioni hiyo hiyo sukari ilikuwa 2.4 kwenye mashine, na chini ya 4 ni kushuka. Nikapunguza mwenyewe hadi 50, halafu 44. Bado usiku naanguka: juzi 2.6, jana 3.1, leo 2.2. Leo nimeamka nimelowa jasho kama nimetoka mtoni, mtoto yuko kwenye titi, mikono inatetemeka, sielewi hata ni mtoto wa nani. Nimekula sukari kwa kijiko gizani kama mwizi.

Mume yuko kazini Kisumu, anarudi Ijumaa. Mama mkwe analala nyumba yake ng'ambo ya uwanja, hawezi kulala kwa mwanawe, desturi yetu mnaijua. Ninayelala naye ni wifi yangu mdogo, ana miaka 13. Mama mkwe anasema niache kunyonyesha maana maziwa yangu "yana sukari" na yatampa mtoto ugonjwa. Sijui nipunguze tena au niache sindano ya jioni kabisa.

Mama_Pacha_Luanda · saa 9:26 usiku

Pole mama. Kabla ya maneno mengi: umepima tena? Dakika kumi na tano baada ya ile sukari. Na ukipanda juu ya 4, kula kitu cha kukaa tumboni, ugali uliobaki, ndizi, maziwa, chochote. Sukari tupu inapanda na kushuka.

NyarAhero · saa 9:41 usiku

5.8. Nimekula kiazi kitamu cha jioni. Mtoto amelala. Asante, nimelia kidogo.

Mama_Pacha_Luanda · saa 9:43 usiku

Lia tu. Wifi alale karibu na wewe na simu iwe na chaji.

NesiWaZamu · Jumanne, saa 11:50 alfajiri

Nimetoka zamu sasa hivi, nimeona uzi huu, siwezi kulala bila kujibu.

Dada, hukukosea kunyonyesha na hukukosea kula. Kosa liko kwenye hesabu ambayo hukupewa. Wakati wa mimba, kondo la nyuma linatoa homoni zinazoizuia insulini kufanya kazi yake, ndiyo maana kipimo chako kilipanda hadi mara mbili. Kondo likitoka, homoni hizo zinaondoka nalo. Si baada ya mwezi, ni ndani ya saa na siku chache. Wenye aina ya kwanza wengi hurudi kwenye kipimo cha kabla ya mimba, au chini yake, pale pale wodini. Wewe umepunguza kutoka 72 hadi 44 ukidhani umeshuka sana, kumbe bado uko juu ya 34 yako ya zamani.

Halafu ongeza kunyonyesha. Maziwa ya mama yana karibu gramu 70 za sukari ya maziwa kwa lita. Mtoto akivuta robo tatu ya lita kwa siku, hizo ni gramu 50 hivi, na malighafi yake ni sukari ya damu yako. Mtoto anakula kwenye sahani yako, ndivyo ninavyowaambia akina mama.

Sasa, kwa nini usiku. Mixtard 30 ni asilimia 30 ya insulini ya haraka na 70 ya ile ya polepole. Ukichoma saa moja jioni, ile ya polepole inafika kileleni kati ya saa tano na saa tisa usiku. Na hapo ndipo mtoto wako ameamka mara ya pili kunyonya, na wewe hujala tangu jioni. Tazama saa uliyoandika hapa.

Kuacha sindano kabisa, hapana. Aina ya kwanza haina akiba ya insulini mwilini, ukiacha damu inajaa ketoni, zile asidi ambazo mwili hutoa ukikosa insulini. Kinachotakiwa ni kupunguza, na kupunguza kufanywe na mtu anayeona kitabu chako. Leo asubuhi kabla ya kuchoma piga simu kliniki ya sukari, ukikosa jibu nenda, hata hospitali ya karibu, uonyeshe namba zote za usiku. Mimi binafsi ningeiogopa 44 kuliko 34 yako ya zamani.

NyarAhero · saa 12:15 asubuhi

Kumbe. Miezi tisa wananifundisha kuogopa sukari ikipanda, hakuna aliyeniambia baada ya kuzaa niogope ikishuka.

Kukhu_wa_Vihiga · saa 2:05 asubuhi

Mjukuu wangu, mimi nimezaa watoto watano na sukari niliipata nikiwa na wa tatu, kwa hiyo wawili wa mwisho nimewanyonyesha nikijichoma. Maziwa hayaambukizi sukari. Yangekuwa yanaambukiza, hawa wangu wawili wangekuwa nayo na ni watu wazima wanaonibeba kwa pikipiki.

Ila usimkatae mama mkwe kwa kinywa, mkatae kwa kazi. Mpe kazi. Wangu alitaka niache sindano, nikamwambia, mama, kila nikinyonyesha usiku nitahitaji uji. Akawa mwenye uji. Uji wa wimbi, mzito, bila sukari, kwenye thamosi. Alijiona yeye ndiye daktari, na mimi nilikuwa na kitu cha kunywa saa nane usiku.

NesiWaZamu · saa 2:30 asubuhi

Kukhu amesema sawa. Insulini ni protini, kile kidogo kinachopita kwenye maziwa kinasagwa tumboni mwa mtoto kama chakula kingine. Kuhusu kurithi: mama mwenye aina ya kwanza, uwezekano wa mtoto kuipata ni kama mmoja hadi wanne kwa kila mia. Hiyo ni ya damu ya ukoo, haina uhusiano na titi.

Naongeza lingine ambalo watu hawasemi. Wakati wa kunyonyesha usiku kaa chini. Godoro liweke sakafuni au keti umeegemea ukuta, si ukingoni mwa kitanda kirefu. Ukipoteza nguvu mtoto asianguke. Na ukihisi kutetemeka, mtoto mweke pembeni kwanza, hata kama analia. Kulia hakumdhuru, wewe kuzimia naye mikononi ndiyo hatari.

Dawa_ya_Shamba · saa 3:10 asubuhi

Hizi sindano ndizo zinawaua. Kuna mizizi na majani ya mwarobaini, unachemsha, unakunywa siku 21, sukari inaisha kabisa. Niandikieni faragha.

Mama_Pacha_Luanda · saa 3:14 asubuhi

Mwanamke anakuambia sukari yake imeshuka hadi 2.2, wewe unamletea dawa ya kushusha. Hata kusoma hukusoma.

Okwiri_77 · saa 3:40 asubuhi

Dada yangu aliacha sindano kwa sababu ya maneno kama haya, alikuwa na aina ya kwanza. Siku nne. Alitapika tukadhani ni malaria. Sitaki kueleza zaidi. Tafadhali mwenye uzi usimjibu huyu.

NyarAhero · Jumanne, saa 10:30 jioni

Nimetoka kliniki. Nilipanda matatu na mtoto na wifi, kidonda kikilia kwa kila shimo la barabara. Daktari aliangalia namba, akatikisa kichwa, akanipa kipimo kilicho chini kuliko cha kabla ya mimba, hasa ile ya jioni. Akasema kwa sasa hataki 5 na 6 za wakati wa mimba, nikilala na 7 au 8 yeye yuko sawa, ataanza kunibana baadaye mtoto akipanga usingizi. Nipime kabla ya kulala na saa nane usiku kwa wiki mbili, juu ya zile za mchana.

Tatizo ni stripu, vile vijiti vya kupimia. Kupima mara sita kwa siku nitazimaliza haraka, na mshahara wa mume ni ule ule.

Baba_Bungoma · saa 11:15 jioni

Mimi ni mume wa mtu mwenye aina ya kwanza, tuna watoto wawili. Kwenye stripu sisi tulichagua: kabla ya kulala na saa nane usiku haziguswi, hizo ni za lazima. Za mchana tulikuwa tunapima siku moja asubuhi na saa saba, siku ya pili kabla ya chakula cha jioni, ikizunguka hivyo, daktari akapata picha ya wiki bila kumaliza sanduku. Na mhudumu wa afya wa kijijini kwenu muulize, tangu 2023 wanatembea na mikoba yenye mashine ya kupima sukari na presha. Wetu alikuwa anapita mara mbili kwa wiki.

Kitu kimoja cha wanaume, na mume wako umsomee hili: usiku wa kwanza nilidhani mke wangu ananikasirikia. Alikuwa anajibu ovyo, ananisukuma nisimguse. Nikanuna nikageukia ukutani. Ilikuwa 2.0. Tangu siku hiyo mke wangu akiwa mkali saa nane usiku, mimi sijibu, naleta mashine.

NyarAhero · saa 1:05 usiku

😂 Wangu anafikiri hiyo ndiyo tabia yangu ya kawaida.

Wifi nimemfundisha kupima. Ameshika haraka kuliko mimi nilivyoshika. Ameandika kwa chaki nyuma ya mlango: CHINI YA 4, VIJIKO 3 VIDOGO VYA SUKARI KWENYE MAJI, NGOJA DAKIKA 15, PIMA. Halafu chini yake: ASIPOAMKA USIMNYWESHE KITU, MLAZE UBAVU, MWITE MAMA NA BODA. Hiyo ya mwisho alimuuliza daktari yeye mwenyewe, mimi nilikuwa nanyonyesha.

Kukhu_wa_Vihiga · saa 1:20 usiku

Huyo msichana msomesheni.

Chebet_Nakuru · Jumatano, saa 4:00 asubuhi

Naomba kuingilia. Mimi sikuwa na sukari kabla, nilipatikana nayo mimba ikiwa wiki 26, nikawekwa kwenye insulini. Nimejifungua Jumapili. Walinisimamisha sindano pale pale. Nikisoma hapa naogopa, niendelee au nisiendelee?

NesiWaZamu · saa 7:20 mchana

Chebet, wewe ni kesi nyingine. Sukari ya mimba kwa kawaida huondoka na kondo, ndiyo maana walikusimamisha, na walifanya sawa. Lakini isikupe usingizi wa moja kwa moja. Rudi upimwe kati ya wiki ya 6 na ya 12, unaweza kuunganisha na kliniki ya mtoto ya wiki sita. Wengi wanaambiwa hivi na hawarudi kwa sababu wanajisikia wazima. Aliyepata sukari ya mimba ana uwezekano mkubwa wa kupata aina ya pili miaka ijayo, kwa hiyo hata ukikutwa safi, pima tena kila mwaka ukiweza.

NyarAhero · Jumamosi, saa 5:00 asubuhi

Usiku nne bila kushuka chini ya 4. Mama mkwe sasa ni waziri wa uji. Jana alikuja na thamosi saa mbili usiku akasimama mlangoni bila kuingia, akaita, "umepima?" Sikuamini masikio yangu.

Nina maswali mawili. La kwanza, mtoto alipozaliwa alikuwa na sukari 1.8 wakampeleka chumba cha watoto wachanga siku mbili. Ni mimi nilimfanyia hivyo? La pili, hatuna friji, na joto la Ahero mnalijua. Chupa naiweka wapi?

NesiWaZamu · saa 6:10 mchana

La kwanza. Sukari yako inapita kwa mtoto kupitia kondo, insulini yako haipiti. Kongosho lake likazoea kutengeneza insulini nyingi yenyewe. Akizaliwa, kitovu kikikatwa, sukari kutoka kwako inakatika ghafla lakini kongosho lake bado liko kazini kwa saa kadhaa. Anashuka. Hutokea hata kwa akina mama waliojitunza vizuri sana, ndiyo maana watoto wa mama mwenye sukari hunyonyeshwa mapema, ndani ya saa ya kwanza, na kupimwa. Wako alipimwa, akaonekana, akatibiwa. Ikishatulia hiyo habari imekwisha, haina maana kwamba mtoto ana sukari.

La pili. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, hizo za akiba acha kwa jirani mwenye friji au kliniki. Usiziweke karibu na barafu, ikiganda tupa. Uliyofungua inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne ikiwa kivulini na penye ubaridi. Mwaka 2021 kulichapishwa utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva uliotazama joto halisi la nyumba za kambi ya Dadaab, nyuzi 25 usiku hadi 37 mchana, na insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Ahero si kali kuliko Dadaab. Ila si dirishani, si juu ya jiko, na si kwenye mfuko wa boda juani.

Okwiri_77 · saa 6:45 mchana

Mtungi wa vyungu viwili vya udongo. Kimoja kikubwa, kingine kidogo ndani yake, katikati mchanga, unaumwagia maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Chupa iwe ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Weka penye upepo, sio kwenye pembe iliyofungwa, maji lazima yapate kukauka ndipo kupoe.

NyarAhero · wiki tatu baadaye, Alhamisi, saa 8:10 mchana

Nimerudi na visa. Titi la kushoto lilivimba likawa jekundu na homa ikanishika usiku. Sukari iliyokuwa inashuka sasa ikapanda: 14, 17, 19. Sikuwa na hamu ya chakula, nikaona nisichome kwa sababu sijala. Wifi ndiye aliyekataa, akasema kwenye uzi wako waliandika usiache. (Anasoma uzi huu kuliko mimi.) Tukaenda. Walinipima ketoni kwenye mkojo, zilikuwa kidogo, wakaniongezea insulini kwa siku chache na kunipa dawa ya maambukizi inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha. Waliniambia niendelee kunyonyesha hata titi hilo, lisikae limejaa.

NesiWaZamu · saa 12:30 jioni

Mwambie wifi nampa kazi. Homa inapandisha sukari hata kama hujala kitu. Ukiumwa, insulini haiachwi, kipimo ndicho kinabadilika. Maji mengi, pima kila baada ya saa chache, na ukianza kutapika au kupumua kwa haraka usingoje asubuhi.

Kwa kuwa unakaribia wiki sita: uliza uzazi wa mpango sasa, kabla mume hajakuuliza jambo lingine. Unanyonyesha, kwa hiyo zile tembe zenye homoni mbili si zako kwa miezi hii. Kuna kipandikizi, kuna koili, na tembe za homoni moja. Si kwamba ni marufuku kuzaa tena. Ila mimba ya mwenye sukari ni ya kupanga: kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 6.5 ikiwezekana, foliki asidi ya miligramu 5 uanze kabla, na macho yapimwe. Macho hata sasa, mimba huwa inayachokoza.

Mama_Pacha_Luanda · saa 1:00 usiku

Na tezi ya shingo. Mimi mwezi wa nne baada ya pacha nilikuwa nachoka hadi nasahau jina la jirani, nywele zinatoka, watu wananiambia ni ulezi. Kumbe tezi. Sisi wa aina ya kwanza inatupata zaidi baada ya kuzaa. Ukiona uchovu usioelezeka au huzuni isiyoisha, omba ipimwe, usikubali jibu la "ni mtoto".

Nafula_Webuye · wiki mbili baadaye, Jumapili, saa 3:30 usiku

Nimejifungua juzi, nina aina ya kwanza kama wewe, nimesoma uzi wote. NyarAhero, tafadhali, mwishowe walikupa uniti ngapi asubuhi na ngapi jioni?

NyarAhero · saa 3:52 usiku

Hongera Nafula. Namba sitaandika, hiyo ni ya mwili wangu na kilo zangu. Ya kwako iko kliniki, nenda kesho na namba zako za usiku, na uwaambie ulikuwa unachoma ngapi kabla ya mimba, wasiangalie ya mwezi wa nane peke yake.

Leo umekula nini jioni? Na sukari iko umbali gani na mkono wako ukiwa umelala?

Nafula_Webuye · saa 3:58 usiku

Iko jikoni.

NyarAhero · saa 3:59 usiku

Inuka uilete.